Mji Mkongwe baina ya "historic" na "historical"

Kiingereza kina maneno mawili, "historic" na "historical", yanayotofautiana mwishoni tu. Mkazo unaangukia pale pale katika yote mawili, na ile "-al" ya mwisho hutamkwa kwa wepesi kiasi kwamba sikio lililolelewa na Kiswahili huipitia bila kuisikia. Hapa Unguja yameshakuwa neno moja. Ukiingia mitaa ya Mji Mkongwe, ukapita Hurumzi, ukatokea Kiponda, ukashuka hadi Malindi, utawasikia watembeza watalii wakilitaja: mlango ni "historic", msikiti ni "historic", kichochoro ni "historic", na duka la vinyago lililofunguliwa juzi ndani ya nyumba kongwe nalo ni "historic". Nimesomesha Kiingereza, na baadhi ya vijana hawa wamepita mikononi mwangu, kwa hivyo jambo hili linanigusa. Silileti hapa kama kosa la insha. Nalileta kwa sababu naamini kuyachanganya maneno haya kumeathiri namna tunavyoutazama mji wetu: kipi tunakililia kikianguka, na kipi tunakiacha kianguke.

Tuanze na maana. "Historical" ni kila kinachohusu wakati uliopita, au kinachohusu elimu yenyewe ya historia. Hati ya wakfu iliyoandikwa kwa Kiarabu, barua ya mfanyabiashara kwa ndugu yake aliyeko Bombay, daftari la mizigo iliyoshushwa forodhani, hesabu ya pishi za karafuu zilizochumwa na mtu ambaye jina lake halikuandikwa: vyote vinaingia. Havihitaji kuwa vimefanya jambo kubwa. Inatosha kwamba ni vya wakati wao na vinatupa habari za wakati huo. "Historic" ina sharti zito zaidi. Kitu kiwe kimegeuza mambo, au kiwe pahala ambapo mambo yaligeuka, hata waliokuja nyuma wakaishi maisha mengine kwa sababu yake. Riwaya inayosimulia enzi za Seyyid Said ni "historical" tangu siku inapochapishwa. Haiwi "historic" mpaka yenyewe ije kuibadili fasihi, au kuwabadili watu.

Mfano wa kwetu upo, tena mzuri. Aprili 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja na kuiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake, ilhali Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa. Baada ya hapo uzito wa zao lile ukahamia Pemba, na hadi leo mtu akitaja karafuu za Zanzibar ni Pemba anayoitaja. Tufani hiyo ni "historic" bila ya ubishi. Sasa chukua jamvi lililoanikiwa karafuu huko Pemba miaka ya baadaye. Jamvi halikugeuza kitu. Ni "historical", basi. Lakini anayetaka kujua Wapemba waliishi vipi na zao hilo lililowalemea mabegani, nani alichuma, nani alikopa dukani akisubiri msimu, nani alilala shambani na watoto, huyo jamvi, wimbo wa wachumaji na daftari la deni vitamfaa kuliko tarehe ya tufani.

Wanafunzi nimezoea kuwapa swali moja la kupimia: kama kitu hiki kisingetokea, yaliyofuata yangekuwa vingine? Jibu likiwa ndiyo, "historic" inastahiki. Likiwa siyo, lakini kitu kinatupa habari za walioishi kabla yetu, tumia "historical". Swali hilo halimalizi kila jambo, na nitaonesha pahala linapokwama.

Waingereza wenyewe hawakuzaliwa na mpaka huu. Maneno yote mawili yametoka katika Kigiriki kwa kupitia Kilatini, kutoka "historia", ambayo Wagiriki waliitumia kwa maana ya kuuliza na kuchunguza. Kwa muda mrefu waandishi wa Kiingereza waliyatumia bila kuyatenganisha, mgawanyo wa maana ukaja kukaa baadaye, na hata leo wapo wasioujali. Wana jozi nyengine za namna hiyo: "economic" ni ya uchumi, "economical" ni ya kubana matumizi. Hizo hazitudhuru hapa.

Kiswahili tunabeba maana zote mbili kwa "-a kihistoria". Tunasema utafiti wa kihistoria na ushindi wa kihistoria, na msomaji wa gazeti hapotei, kwani hakuna anayedhani kwamba ushindi wa kihistoria ni ushindi wa zamani. Tatizo linaanza tunapofika kwenye majengo. "Jengo la kihistoria" laweza kuwa jengo la kale tu, na laweza kuwa jengo lililopitiwa na mambo makubwa, na msemaji mwenyewe aghlabu hajaamua anakusudia lipi. Kwa kuwa hajaamua, anaelekea upande unaong'aa zaidi.

Kijana mmoja anayetembeza watalii Mkunazini nilimgusia suala hili. "Maalim," akaniambia, "mgeni akisikia historic anatoa simu apige picha. Nikimwambia hii ni nyumba ya watu wa kawaida, anapita." Nilimwelewa. Ndiyo kazi inayomlisha, na hakuna aliyemfundisha namna nyengine ya kuieleza nyumba ile. Lakini jibu lake linaonesha tulipofika. Tumewazoesha wageni, na tumejizoesha wenyewe, kwamba kitu hupata thamani pale tu kinapofungamanishwa na jina kubwa au siku kubwa. Kwa hivyo kila ukuta lazima utafutiwe sultani, au mpelelezi wa Kizungu, au mzinga.

Na siku kubwa kwetu hazikosekani. Tarehe 27 Agosti 1896, siku mbili baada ya kufariki Seyyid Hamad bin Thuwaini, manowari za Kiingereza ziliipiga kasri ya Forodhani kwa sababu Seyyid Khalid bin Barghash alikikalia kiti cha usultani bila ya ridhaa yao. Vita havikufika saa moja. Khalid akakimbilia kwa balozi wa Kijerumani, na Beit al-Hukm, moja ya majumba ya kasri hiyo, haikuinuka tena. Watalii huambiwa kwamba hivyo ndivyo vita vifupi kuliko vyote duniani, na huondoka wametabasamu. Mara chache huambiwa kwamba upande wa kasri watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Walikuwa nani? Walitoka mitaa gani, walizikwa wapi, waliwaacha kina nani? Maswali hayo ni ya "historical", na yanakufa pale neno "historic" linapolimeza simulizi zima kwa hesabu ya dakika.

Mkunazini kwenyewe pana somo zito zaidi. Juni 1873 Seyyid Barghash, akiwa ameshikwa shingo na Waingereza, alitia saini mkataba wa kuikomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la watumwa likafungwa. Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa la Kianglikana likawekwa pale pale. Siku hiyo ya Juni ni "historic", sina shaka nayo. Ila mgeni anayetoka Mkunazini akiamini kwamba utumwa uliishia hapo amedanganyika. Uliofungwa ni mlango wa biashara. Hali ya utumwa ilibaki na nguvu ya sheria Unguja na Pemba hadi amri ya 1897, na hata amri hiyo ilimtaka mtumwa aende mwenyewe kuomba uhuru wake, na ikawaacha nje masuria, waliosubiri mpaka 1909. Miaka ile baina ya 1873 na 1909 haina mnara wala jiwe la msingi. Iko katika karatasi, nyingi zikiwa Nyaraka za Taifa kule Kilimani, na katika mashamba ambako watu waliendelea kulima kwa ajili ya wenziwao. Ukiishika siku kubwa ukaiacha miaka hiyo, umemaliza kisa cha utumwa mapema kwa miaka zaidi ya thelathini, na umewafuta waliouishi.

Kwa sababu hii siwezi kuikubali hoja kwamba tofauti ya maneno haya ni ya wataalamu wa lugha peke yao. "Historic" ikikaa pekee bila ya "historical" inaweza kusema uongo huku kila tarehe yake ikiwa sahihi.

Sasa tuje kwenye mji wenyewe. Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika orodha ya Urithi wa Dunia, kwa vigezo vitatu. Cha kwanza kati ya hivyo kinautaja mji kama ushahidi unaoonekana wa kuchanganyika na kupatana kwa tamaduni. Cha pili kinataja karne za biashara ya baharini baina ya Asia na Afrika, na namna biashara hiyo ilivyojichora katika majengo na mpangilio wa mitaa. Cha tatu ndicho kinachotaja nafasi ya Zanzibar katika kukomeshwa utumwa. Ukivisoma kwa utulivu utaona kwamba ni hicho cha mwisho tu kinachosimama juu ya "historic" kwa maana yake kali. Viwili vya mwanzo vimejengwa juu ya mambo ambayo swali langu la kupimia lingeyaita "historical" matupu: baraza za kukaa wapita njia, milango ya nakshi, madirisha ya juu ya kuangalia bila ya kuonekana, vichochoro vilivyojipinda kufuata mipaka ya nyumba za watu. Hakuna baraza hata moja iliyoigeuza dunia.

Hapa ndipo swali langu linapokwama, na ndipo ninapotaka kutua. Chukua nyumba yoyote ya Kiponda isiyo na jina. Kama isingejengwa, yaliyofuata yasingebadilika. Kwa hivyo si "historic". Chukua na ya jirani yake, na ya nyuma yake, na mtaa mzima, na kila moja utapata jibu hilo hilo. Kisha utazame mji uliokusanyika kutokana na nyumba hizo, bandari iliyofunga pamoja bara, Ghuba na Bara Hindi, mji ambao lahaja yake ya Kiunguja ilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mji huo ni "historic" kwa kipimo chochote. Umekuwa hivyo kwa nyumba ambazo, moja moja, ni "historical" tu. Ukiziondoa hizo kwa kuwa hazina jina, utabaki na kasri chache zimesimama kwenye uwanja.

Hata Waingereza wameliona hilo katika sheria zao. Mwalimu wa darasani husisitiza kwamba "historic" ni kwa mambo makubwa, lakini sheria ya Uingereza ya 1990 inayolinda majengo huzungumzia majengo yenye umuhimu wa kipekee wa usanifu au wa "historic", na chini ya maneno hayo zimelindwa nyumba za wakulima na ghala za nafaka. Katika mambo ya majengo neno hilo limetanuliwa kwa makusudi, ili thamani isibakie kwenye kasri na makanisa makuu pekee. Kwa hivyo mtembeza watalii wetu anayeiita nyumba ya kawaida "historic" hajakosea kabisa mbele ya sheria hiyo. Ninalomdai ni kwamba ajue kwa nini anasema hivyo, asije akalazimika kuibandikia nyumba kisa ambacho haikuwa nacho.

Gharama ya kutojua inaonekana kwenye kuta. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu za juu zimelala juu ya boriti za mikoko. Upana wa chumba umefuata urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba vyetu ni vyembamba na virefu. Chokaa huacha unyevu wa ukuta utoke. Saruji huufungia ndani. Mwenye nyumba akiupiga ukuta wa zamani plasta ya saruji kwa nia njema ya kuuimarisha, unyevu unabaki, chokaa ya ndani inalegea, vichwa vya boriti vilivyozama ukutani vinaoza. Mvua ikipenya juu, ghorofa moja ikashuka juu ya nyengine, huwa jambo lenyewe lilishaanza miaka mingi nyuma. Nyumba nyingi za namna hii ni za wakfu au za Serikali, zina wapangaji wa miaka, na suala la nani atengeneze paa hupita mkono hadi mkono mpaka masika yanayofuata.

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Jumba hilo lililojengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883, lililowashwa umeme na kuwekwa lifti wakati watu wa ukanda huu hawajaviona vitu hivyo, lilihuzunisha kila mtu, na lilistahiki. Zikaja kauli za viongozi, wataalamu, ahadi. Sina neno baya kwa hayo. Nataka kuliona jumba lile limesimama tena. Lakini nyumba zisizo na jina huanguka bila ya kauli. Ikiwa hakuna aliyeumia, kifusi husombwa, na pahala pale huja ukuta wa matofali. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ipo tangu 1985, na kanuni za ujenzi zipo. Kinachokosekana ni hasira ya wananchi, na hasira haiji kwa kitu ambacho tumefundishwa kwamba si chochote. Fundi anayejua kuchoma na kupiga chokaa ana thamani kwa mji huu kuliko kibao chochote cha shaba. Nani anamlipa, na nani anamsomesha kijana wa kumrithi?

Pemba kuna sura nyengine ya jambo hili. Pujini kuna magofu ya ngome ya karne ya 15 yanayohusishwa na Mkama Ndume, mtawala ambaye visa vya ukali wake vinasimuliwa hadi leo. Jina lake limekuwa zito kiasi kwamba mgeni akifika haoni jengine. Waliokata mawe yale, waliolima nje ya kuta, waliokwenda pwani na kurudi na samaki, hao wako katika vigae vilivyotapakaa ardhini, ambavyo mtu huvikanyaga akimfuata mtembezaji. Ras Mkumbuu, ambako pana msikiti na makaburi ya minara, hakuna mtu mmoja mkubwa wa kusimuliwa namna hiyo, na naona ndiyo maana hapatajwi sana.

Nikirudi Unguja, suala gumu zaidi haliko ndani ya Mji Mkongwe. Liko Ng'ambo. Mpaka wa urithi ulipochorwa, nyumba za udongo na boriti za mitaa hiyo, iliyo ng'ambo ya pili ya mkondo wa bahari uliokuwa ukiitenga na Mji Mkongwe, zilibaki nje ya kiini chake, kwa kuwa hazikuwa za mawe wala za mabwana. Lakini Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, alikuja kuishi Ng'ambo, na mwaka 1928 alisafiri kwenda Bombay kurekodi nyimbo kwa Kiswahili. Safari ile ni "historic" kwa maana kali kuliko nyumba nyingi tunazoziuza kwa jina hilo, kwani baada yake sauti ya mwanamke wa Kiswahili ilisikika kwenye santuri pwani nzima, na taarabu haikurudi tena kuwa burudani ya kasri. Na alichokiimba kilikuwa nini? Kesi za mahakamani, dhulma, mambo ya mitaani, maisha ya majirani zake. Alibeba "historical" ya Ng'ambo akaifanyia jambo la "historic". Yeyote anayedhani kwamba mitaa ile haikuwa na cha kuhifadhiwa na azisikilize nyimbo hizo.

Ng'ambo inabomolewa nyumba moja moja, kwa sababu za haki kabisa: watoto wamekuwa, paa linavuja, mwenye nyumba anataka tofali na choo cha ndani. Sina haki ya kumzuia. Ninachokiomba kinawezekana na si ghali. Kabla ya tingatinga kuingia, nyumba ipimwe na ipigwe picha, ndani na nje, na uani. Mkubwa wa nyumba akae na mtu anayejua kuuliza, amweleze nani alijenga, kwa fedha ya nini, nani alilala chumba gani, harusi zilifanyiwa wapi, maiti ilitolewa kwa mlango upi. Ardhilhali za zamani, stakabadhi za kodi na barua za jamaa walioko Muskat au Mombasa zinakiliwe, na nakala zipelekwe Kilimani, zikakae pamoja na barua za masultani. Kazi hiyo wanaweza kuianza wanafunzi wa skuli za Ng'ambo wenyewe, kwa kuwa wengi wao nyumba zinazobomolewa ni za mabibi zao.